Kovu la shavuni la miaka 25 linalovuta mdomo: kuna aliyelifumua likashonwa upya?

Fundi wa Ngamiani

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Nianze na kazi yangu, maana ndiyo lugha ninayoweza kuelezea tatizo langu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, umri 34. Nashona magauni, madera, na sare za shule Januari ikifika. Mteja akivaa gauni linalovuta kwapani, sihitaji aniambie, naona mwenyewe mshono upi umekosewa. Sasa fikirini mtu wa namna hiyo kila asubuhi anasimama mbele ya kioo cha wateja, na mshono uliokosewa upo shavuni kwake.

Mwaka 2000, nipo darasa la tatu, kijijini kwetu huko Muheza, nilitumwa mafuta ya taa. Chupa ya soda ya kioo, kizibo cha gunzi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na giza linaingia, nikakimbia, nikateleza kwenye ule udongo mwekundu, nikaiangukia chupa. Ilinichana shavu la kushoto kuanzia karibu na pembe ya mdomo kupanda kuelekea mfupa wa shavu. Nimepima kwa futi yangu leo hii: sentimita sita na kidogo.

Zahanati ya karibu alikuwepo muuguzi mmoja na karabai. Simlaumu, alinishona usiku ule ule peke yake huku mama amenishika kichwa. Nyuzi saba, uzi mweusi mnene utadhani wa kushonea gunia. Tuliambiwa turudi baada ya siku chache nyuzi zitolewe, mto ukajaa, tukarudi wiki ya tatu. Ndiyo maana sina mstari peke yake. Nina mstari wenye alama za nyuzi huku na huku, kama miguu. Shuleni waliniita Tandu mpaka namaliza la saba.

Lilivyo leo: kwa juu ni jembamba, limepauka kidogo. Katikati pamebonyea, ukiweka harage linakaa. Chini karibu na mdomo limepanuka, upana wa utepe mwembamba wa pindo. Haliumi, haliwashi, halijaota nyama. Nikikaa kimya wala si neno. Shida ni nikicheka. Pembe ya mdomo ya kushoto inapanda peke yake na tabasamu linakuwa la dharau. Mteja mmoja mgeni aliwahi kuniambia, "Fundi, kama bei niliyotaja ndogo sema, usinibinulie mdomo." Nilikuwa namchekea kwa wema.

Nilivyojaribu: mshubiri, mafuta ya kakao, kukanda na mafuta ya nazi ya uvuguvugu (hayo mama aliyashikilia mwaka mzima). Miaka sita nyuma nilinunua tyubu kwa mama mmoja anayetembeza vipodozi, akaniapia linafuta kovu kwa wiki tatu. Kovu lilibaki vile vile. Ngozi iliyolizunguka ndiyo iliyofutika, ikawa nyeupe, laini kama ya kitunguu, mishipa myekundu ikaanza kuonekana. Nilipoacha, pakavimba vipele. Ilichukua karibu mwaka rangi kurudi.

Kilichonileta hapa ni harusi ya mpwa wangu mwezi uliopita. Mpiga picha akatutumia picha, naangalia, shavu safi. Alinifuta kovu kwenye kompyuta bila kuniuliza. Ndugu wote, "umependeza, umependeza". Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaifungua tena ile picha nikaitazama peke yangu, nikaitazama sana.

Kwa hiyo nauliza. Kovu la miaka 25 bado linatibika, au ngozi imeshakaa? Nasikia leza, nasikia visindano, nasikia kukatwa na kushonwa upya. Kipi kinafaa kwa ngozi zetu nyeusi? Kaka yangu baba mmoja mama mmoja ana keloidi (kovu linaloota nyama) kifuani, kubwa, na hicho ndicho ninachokiogopa: nikatwe kovu la sentimita sita niamke na kovu nene kama samaki mkunga shavuni. Msitaje wauzaji wa vipodozi tafadhali, wameshanila.

---

Mpole wa Pongwe

Dada, ndimu na asali mbichi. Kamua ndimu, changanya, paka asubuhi kabla hujatoka, siku 40. Bibi yangu alikuwa na kovu la mkuki (usiulize) likaisha kabisa.

---

Tabibu wa Ngozi

Mpole, ndimu na jua haviendi pamoja. Juisi ya ndimu ikikaa kwenye ngozi ukatoka juani, ngozi inaungua, inatoa malengelenge na kuacha michirizi myeusi kwa miezi. Kila msimu wa ndimu nawapata hao. Bibi mpe salamu.

Dada fundi, pole. Mimi ni tabibu, nimesomea ngozi Moshi pale hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo cha kufundisha matabibu wa ngozi kilichoanza mwaka 1992. Sipasui, kwa hiyo sina cha kukuuzia. Na usiweke picha hapa, umeeleza vizuri kuliko picha.

Swali lako la kwanza jibu ni ndiyo, tena uzee wa kovu ni faida. Kovu bichi linabadilika lenyewe mwaka mmoja, wakati mwingine miwili: linakuwa jekundu au jeusi, linainuka, kisha linalala. Daktari mwenye busara hagusi kovu la miezi mitatu isipokuwa linafunga jicho au mdomo. Lako lilishatulia zamani. Linachofanya leo ndicho litakachofanya miaka yote, na mtu anaweza kulipimia.

Sasa tofautisha vitu. Unaposema "kovu langu" mimi nimesikia makovu manne yaliyokaa mahali pamoja, na kila moja lina dawa yake. Kuna upana wa chini. Kuna shimo la katikati. Kuna miguu ya tandu. Na kuna kuvuta. Ukienda kwa mwenye leza atakuambia leza, mwenye visindano atakuambia visindano, na hakuna kati yao atakayegusa hilo la nne, ambalo kwa maelezo yako ndilo linalokugombanisha na wateja.

Hizo tyubu tuzimalize kwanza. Ngozi ya kitunguu yenye mishipa ni dalili ya steroidi kali, mara nyingi klobetasoli, na zikichanganywa na haidrokwinoni au zebaki ndiyo huo mkorogo. Vyote hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, orodha iko TBS, shirika la viwango. Kovu si rangi tu ya kutakatishwa. Ni nyuzi za kolajeni zilizojipanga ovyo, kama umeweka kiraka cha gunia kwenye hariri. Upake nini juu ya kiraka kikageuka hariri?

Leza. Mwanga wa leza nyingi unatafuta rangi, na sisi rangi ndiyo mali yetu, iko juu juu ya ngozi. Leza ya kaboni dioksidi, ile inayochoma ngozi kwa joto, ikishikwa na mtu aliyezoea ngozi nyeupe tu, unatoka na mraba mweusi shavuni wa kudumu miezi. Si kwamba haifanyiki kwetu. Inafanyika, kwa nguvu ndogo, kwa kuachanisha vipindi, na baada ya kujaribu kadoa kamoja sehemu ya kificho chini ya sikio ukasubiri wiki kadhaa. Anayetaka kukupiga uso mzima siku ya kwanza, chukua mkoba wako.

Visindano, vile vya kutoboa ngozi matundu madogo madogo ili ijijenge upya, havitumii joto, kwa hiyo hatari ya kuweusha ni ndogo. Vinasaidia mashimo ya chunusi na mabonde ya juu juu, vipindi vitatu hadi sita, kila baada ya wiki nne hadi sita. Viwe vya kutumika mara moja na kutupwa. Kale karola ka visindano wanakopokezana saluni ni njia ya kupeana homa ya ini na VVU.

Shimo lako la katikati likishikiliwa na nyuzi zilizoganda chini, kuna kazi inaitwa sabsisheni: sindano inaingizwa chini ya kovu kwa ganzi na kukata zile nyuzi, sakafu ya shimo inapanda. Wengine wanajazia mafuta yako mwenyewe yaliyotolewa tumboni; sehemu yake mwili unayala, kwa hiyo huenda ukarudia. Kuna na fila za haialuroniki, yaani jeli ya kujazia, zinakaa miezi kisha zinayeyuka. Hizo usichomwe saluni hata kwa bure. Ikiingia kwenye mshipa wa damu karibu na pua, ngozi inakufa, na watu wamepofuka.

Kuhusu keloidi, kuwa na ndugu mwenye nayo ni sababu ya kuwa mwangalifu, si sababu ya kujifungia. Nijibu haya. Umetoga masikio? Kovu la chanjo ya BCG begani likoje? Umewahi kupasuliwa popote? Keloidi inavuka mpaka wa kidonda kama maji yanayofurika. Lako limekaa miaka 25 ndani ya mipaka, tena limebonyea.

Halafu kaa mbele ya kioo. Jaza mashavu hewa, je, inavuja kushoto? Fumba midomo kwa nguvu. Onyesha meno. Piga mluzi. Shavuni hapo hupita mishipa ya fahamu inayoendesha mdomo na mfereji wa mate, na chupa huwa haichagui cha kukata. Mwisho, weka kidole juu ya kovu, lisukume kushoto na kulia. Linateleza juu ya nyama au limegandia?

---

Mwana wa Likoni

Mimi wa Mombasa, naongezea la keloidi kwa kuwa lilinipata.

Vipele vya kunyoa ndevu, chini ya taya, 2016. Kamoja kakaota, kakawa kama punje ya korosho. Nikaenda mahali, sitapataja, wakanambia ni kazi ya nusu saa, wakaikata, wakashona, nikaenda zangu. Hawakunipa dawa yoyote ya kufuatia. Miezi mitano baadaye ilirudi, na mara hii si korosho, ni kungu nzima, na yawasha usiku kucha. Nilikuwa nalala na kitambaa cha baridi shingoni.

Daktari wa pili alinisuta, akasema keloidi ukiikata tu bila kitu cha kuisindikiza, mara nyingi hurudi, na hurudi na wenziwe. Akaanza sindano za triamsinoloni, dawa ya kuisinyaza, ndani ya keloidi yenyewe, kila wiki nne. Nitawambia ukweli, sindano hizo zauma. Keloidi ngumu kama kwato, dawa haitaki kuingia, daktari anasukuma mpaka kidole gumba kinatetemeka. Ya tatu ndiyo nilianza kuona imelainika na mwasho ukakoma. Nilichomwa saba. Leo ni bapa. Pana doa jeupe ukubwa wa sarafu kwa sababu dawa ile hupausha ngozi na kula mafuta ya chini, lakini doa jeupe silalamikii, silali nikijikuna.

Dada, ukifika kwa mpasuaji, kabla hajakwambia bei muulize: "Likianza kuota, mpango wako ni upi?" Akikujibu "haliwezi kuota", ondoka.

---

Fundi wa Ngamiani

Tabibu, Allah akuzidishie. Nimefunga duka mapema nikafanya mtihani wangu.

Masikio nimetoga mawili kila upande, hayana kitu. BCG ni kadoa bapa, nilikuwa nimekasahau kabisa. Na nilijifungua kwa upasuaji 2017, lile kovu la tumbo ni uzi tu, mama alishangaa.

Mashavu yanajaa, hewa haivuji. Meno yote naonyesha. Mluzi umetoka, binti yangu akaja mbio kuangalia nani anapiga mluzi ndani ya nyumba magharibi. Kidole sasa. Kwa juu kovu linateleza. Kuanzia kwenye shimo kushuka mdomoni halitelezi, nikilisukuma linakwenda na shavu zima, na shimo linazama zaidi.

Nimekaa nikalitafakari kifundi. Nguo ikishonwa ikashika na bitana chini bila wewe kujua, ukiivuta juu ndivyo inavyofanya. Huwezi kuipiga pasi ikakaa. Lazima ufumue.

---

Tabibu wa Ngozi

Umenimalizia kazi. Mishipa ya fahamu inaonekana iko salama, kovu ndilo limegandia chini na mstari wake umefupika. Visindano na krimu havitafumua hicho. Wewe ni wa mpasuaji, yaani wa upasuaji rekebishi. Omba rufaa hapo hospitali ya Bombo, useme shida ni mdomo kuvutwa, siyo "nataka urembo", kwa sababu ndiyo kweli yenyewe, na bima mara nyingi zinakataa kitu chenye jina la urembo. Muhimbili wapo, KCMC wapo, na wale wa hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar, wanaoshona watoto wenye mdomo sungura wanaijua pembe ya mdomo kuliko yeyote. Na kuanzia leo losheni ya jua, SPF 30 kwenda juu. Kovu jipya likipigwa na jua la Tanga linakuwa jeusi kabla halijapona.

---

Mama Wawili

Nimesoma yote nimeona niandike. Mimi lilikuwa la bodaboda, kidevuni kukatiza hadi chini ya mdomo, likinivuta mdomo wa chini hata mate yalinitoka nikila mchuzi. Nilifanyiwa Dar miaka mitatu iliyopita, miaka 11 baada ya ajali.

Daktari alinieleza kitu ambacho dada fundi utakielewa haraka. Ngozi ya uso ina mielekeo yake, kama kitambaa. Kovu linalofuata mielekeo hiyo linajificha kwenye mikunjo. Linalokata mshazari linavuta kila ukicheka. Basi wao hawakati kovu na kurudisha mstari uleule. Wanakata zigizaga, wanaita Z, vipembe viwili vya ngozi vinabadilishana nafasi, cha juu kinakuja chini na cha chini kinakwenda juu. Mstari uliokuwa mfupi unarefuka na mvuto unageuka upande. Alinichorea kwenye karatasi, akaikata kwa mkasi akanionyesha. Mimi sikuelewa mpaka nilipofika nyumbani nikakata karatasi mwenyewe.

Nilikuwa macho. Ganzi ndiyo maumivu, sindano tano sita, inachoma kama pilipili, kisha uso unakuwa wa mtu mwingine. Unasikia mkasi. Siyo maumivu, ni sauti, kama mtu anakata utumbo wa kuku karibu na sikio. Wanaachanisha ngozi na nyama ya chini, wanashona ndani kwa nyuzi zinazoyeyuka ili ndizo zibebe mzigo, halafu juu kwa uzi mwembamba kama unywele. Saa moja na nusu. Nyuzi za juu nilitolewa siku ya sita. SIKU YA SITA, dada, siyo wiki ya tatu. Daktari alisema usoni zikipita wiki moja ndipo zinapoanza kuacha hiyo miguu.

Sasa nikwambie wasichokwambia. Miezi mitatu ya kwanza nilijuta. Lilikuwa jekundu, gumu, limeinuka, badala ya mstari mmoja ninayo zigizaga, na shemeji yangu akauliza kama nimelipia kuharibiwa. Nilikuwa nabandika plasta ya karatasi wiki za mwanzo, kisha karatasi ya silikoni usiku kucha na mchana nikiwa ndani, saa 12 na zaidi kwa siku, miezi mitatu. Unaiosha kwa sabuni unairudisha. Mwezi wa tano likaanza kulala. Leo ukikaa hatua mbili hulioni, ukikaribia unaliona. Kovu ninalo. Ila mchuzi nakula.

Ile miguu ya tandu muulize mapema. Kwa yangu daktari alisema ile iliyo karibu na mstari inaondoka na kipande kinachokatwa, ya mbali inabaki, itapunguzwa baadaye kwa kusuguliwa au leza ndogo. Nilibaki na mitatu, sijarudi.

---

Mpole wa Pongwe

Nimeifuta ndimu. Dada, ukienda tupe habari.

---

Fundi wa Ngamiani

Wiki ya saba sasa, nimerudi na habari.

Mama Wawili, usiku ule ule nilikata Z. Si karatasi, nilikata kipande cha kitenge, nikachora mstari kwa chaki, nikakata pembe za digrii 60 kama nilivyosoma mahali, nikabadilisha vile vipembe nikapiga bandi. Wallahi mstari umerefuka. Nimeshona miaka 15, nakata mshazari kila siku kwa sababu najua kitambaa cha mshazari kinavutika, na haikunijia kwamba ngozi ni hivyo hivyo. Nimekitundika ukutani, wateja wananiuliza ni mtindo gani.

Nilipata rufaa. Mpasuaji ni mama wa makamo, hana maneno mengi. Alinikalisha dirishani, si chini ya taa, akaniambia, "Cheka." Nikacheka cha uongo. Akasema hicho hakitoshi, akamwambia muuguzi anisimulie kituko. Muuguzi akasimulia cha mgonjwa aliyekuja na kuku, hapo nikacheka kweli, na yule mama ameinama na kalamu ya zambarau anachora shavuni kwangu huku nacheka. Kisha akanipa kioo. Nilikuwa nimechorwa kama kitambaa kinachosubiri mkasi. Mstari wa kukata, alama mbili za Z karibu na mkunjo ule unaoshuka kutoka puani, na nukta mahali ngozi itakapoachanishwa.

Nilimuuliza swali la Mwana wa Likoni neno kwa neno. Hakukasirika. Alisema kwa masikio yangu, chanjo na tumbo haioni sababu ya kuogopa sana, lakini kwa ajili ya kaka yangu ataniona kila mwezi kwa miezi sita, na dalili ya kwanza ya kuwasha au kuinuka anachoma triamsinoloni palepale, hangoji. Leza hajanipa. Alisema tufumue kwanza, tuone kilichobaki baada ya mwaka, huenda nisikitake tena.

Miguu ya tandu: minane inaondoka, sita inabaki. Nimehesabu naye.

Nilimwambia pia habari ya ile picha ya harusi. Akaomba kuiona. Akaitazama, akanirudishia simu, akasema, "Huyu siwezi kukupa." Nikamwambia simtaki, mimi nataka nikimchekea mteja ajue namchekea.

Alitaka kunipa tarehe ya mwezi ujao, mimi ndiye niliyekataa. Nina magauni ya Idi 43 mezani na wiki mbili baada ya kushonwa natakiwa nisiiname juu ya cherehani, nisicheke sana, nisitafune vigumu. Idi bila cherehani, mtanilisha nyie? Nimepewa Jumanne ya wiki ya pili baada ya sikukuu. Muuguzi amesema siku hiyo nivae nguo ya vifungo mbele, isiyopita kichwani, ili nikiivua isikwaruze mshono. Nimeshaikata. Khanga ya zamani ya mama, vifungo vinane, kola pana. Leo usiku naitia matundu.